Mashairi Mawili ya Binti wa Mlinzi wa Reli

Ngara, Nairobi
Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Obuya,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi ya Juni, ambako watu hawavui makoti tangu asubuhi mpaka jioni na habari za jua tunazisikia redioni tu. Mimi ni mzima, nala vizuri, na kile kifua kilichokuwa kikinisumbua kimetulia. Natumai goti lako la kushoto limekubali ile dawa ya kuchua niliyompa dada Lornah akuletee, na kwamba hujaanza tena kupanda ngazi kuziba paa mwenyewe. Mama naye hajambo? Mwambie barua hii ni yake pia, ila naomba uisome wewe kwanza, ukiwa peke yako, kisha uamue utamsomea vipi.

Najua umeshika kalamu nyekundu. Tangu nikiwa darasa la nne hujawahi kusoma barua yangu bila kalamu hiyo, na hata ile niliyokuandikia kukupa pole shangazi alipofariki ulinirudishia ikiwa imesahihishwa. Safari hii sahihisha utakavyo, lakini nakuomba ufike mwisho kwanza.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Umesema shule imekualika kwenye sherehe ya kutoa zawadi, Jumamosi ya kwanza ya Julai, na kwamba mwalimu mkuu mpya anataka nisimame mbele ya wanafunzi niwaeleze jinsi mtoto wa shule ile, aliyefutiwa matokeo bila kosa na kurudia mwaka, alivyokuja kuwa mwandishi Nairobi. Ukaongeza kwamba umekubali kwa niaba yangu. Baba, niliisoma barua hiyo nikiwa kwenye ngazi za nyumba, nikaketi hapo hapo nikairudia. Nisamehe kwa kuchelewa kukuletea jibu. Sasa ninalo, ila ni refu, nawe nivumilie.

Nianze na huo uandishi. Nilikuambia niko kwenye ofisi inayoandika makala, na wewe ukawaambia watu wa kanisani, na watu wa kanisani wakaongeza chumvi. Ukweli ni huu. Kuria, yule kijana niliyesoma naye chuo kikuu, amekodi vyumba viwili ghorofa ya tatu hapa Ngara, juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni. Humo tunakaa watu saba, kila mtu na kompyuta yake, tukiwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Mwanafunzi analeta swali, Kuria anagawa kazi, sisi tunaandika, naye mwanafunzi anaweka jina lake juu na kumpelekea mhadhiri wake. Kila insha tunaiita oda, kama wauza chipsi.

Nimeifanya kazi hiyo miaka minne. Nimeandika kuhusu magonjwa ya ng'ombe wa maziwa, kuhusu wafalme wa Ulaya, na kuhusu namna ya kuongoza hospitali ambayo hata mlangoni singeruhusiwa kufika. Kwenye karatasi nimekuwa mke wa mwanajeshi mara mbili na mtawa mara moja. Swali likitaka kisa cha maisha yangu mwenyewe, huwa namuua bibi mzaa mama. Nimewazika mabibi wasiopungua ishirini ambao hawakuwahi kuzaliwa, na kila mmoja nimemlilia vizuri kwa maneno mia mbili na hamsini. Ukicheka hapo sitakulaumu, hata sisi tulikuwa tukicheka.

Mwezi wa tatu Kuria akanipa oda ya kulinganisha mashairi mawili ya mshairi mmoja wa Amerika ya Kusini, mwanamke aliyeandika kwa Kihispania. Jina lake ni refu kama orodha ya mahudhurio, kwa hiyo mimi nilimwita Bibi tu. Mashairi yalikuja yametafsiriwa, Kihispania upande huu, Kiingereza upande ule. Nilidhani ningemaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilikaa nayo siku nne, Baba, na Kuria akaanza kuniuliza kama naumwa.

Nikueleze mashairi yenyewe, maana bila hayo hutanielewa. Babake Bibi alikuwa mlinzi mahali ambapo barabara inakatiza reli, katika mji mmoja wa machimbo huko milimani. Kazi yake ilikuwa kushusha kile kizuizi cha mti treni ikikaribia, na kukiinua ikishapita. Shairi la kwanza Bibi aliliandika akiwa na miaka ishirini na mitatu. Anasimulia asubuhi ambayo basi la kupeleka wasichana kwenye chuo cha ualimu lilikuwa likingoja ng'ambo ya reli. Yeye yuko upande huu na sanduku lake. Baba anashusha kizuizi. Treni ya mizigo ni ndefu, inapita behewa baada ya behewa, na ikiisha basi halipo. Anasema pale mwishoni kwamba babake hakuinua ule mti hata shubiri moja kwa ajili ya mwanawe. Ni shairi kali, mistari mifupi, hasira imebanwa kwenye meno. Hakuna neno moja la ziada ndani yake, na wewe mwenyewe ungelipa alama nzuri.

La pili aliliandika akiwa mzee wa miaka sabini, babake amekwisha kufa zamani. Asubuhi ni ile ile, basi lile lile, sanduku lile lile. Lakini sasa mistari ni mirefu, inatembea polepole, na katikati anakiri jambo. Anasema kwamba kwenye lile shairi la ujana alidanganya. Hakuwa amesimama akingoja kama watu wengine. Alikuwa ameshainama chini ya kizuizi, mguu mmoja uko juu ya reli, na treni inakuja. Babake alimshika gauni akamvuta nyuma, kisha akageukia umati na kupaza sauti kwamba leo hakuna mtu atakayevuka, hata mmoja, mpaka yeye aseme. Aliwakemea watu wote ili asionekane yule mmoja. Na aliwaweka pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hata baada ya treni kupita, mpaka binti yake alipoacha kutetemeka.

Swali lilitaka nilinganishe sauti, picha na mpangilio wa mistari. Hayo niliyafanya vizuri, ulinifundisha mwenyewe kwa mashairi ya Kiswahili. Lakini aya ya mwisho ilitaka mwanafunzi aseme, kutokana na maisha yake mwenyewe, ni shairi lipi analoliona la kweli zaidi. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kazi yetu hafanyi. Badala ya kumzika bibi mwingine, nilikuandika wewe.

Niliandika kwamba babangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo karibu na ziwa. Niliandika kwamba mwaka niliofanya mtihani wa kidato cha nne, siku ya karatasi ya Kemia, aliokota kijikaratasi cha majibu chini ya dawati la mbele, akaripoti chumba kizima, na watoto arobaini na wawili wakafutiwa matokeo, mimi nikiwemo. Nikaandika kwamba sikuwa na hatia, na kwamba kwangu shairi la kwanza ndilo la kweli, na lile la pili ni ulaini wa uzee tu. Nilipomaliza nilihisi nimetua mzigo. Kuria akaituma, nami nikaendelea na ng'ombe wa maziwa.

Wiki mbili baadaye akaja mezani kwangu huku ameshika kichwa. Akasema, “Buda,” maana vijana wa kiume huku tunaitana hivyo, “umeandika nini? Mwalimu wa huyu msichana amelia.” Mhadhiri alikuwa ameipenda insha hiyo kupita kiasi, na alitaka wazungumze kwa mtandao siku ya Alhamisi, yeye na mwanafunzi wake, kuhusu huyo baba. Na pembeni mwa ile aya ya mwisho alikuwa ameandika maneno mawili matatu, nayo Kuria akanionyesha: kwamba mwandishi anasema analiamini shairi la kwanza, ila kila sentensi yake inaegemea la pili, na angependa kujua ni kwa nini.

Sasa sikia kichekesho. Mimi nilidhani mteja ni msichana wa Uingereza, naye alidhani mwandishi ni profesa mstaafu wa Kanada, maana Kuria ndivyo anavyotangaza. Kumbe yuko hapa hapa Nairobi. Anaitwa Vaishali, na chuo chake cha ng'ambo anakisoma kwa mtandao akiwa kwao Spring Valley. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Babake ni mfanyabiashara wa vigae na mabomba ya bafuni, hajawahi kushika chaki. Akamlilia Kuria amtafutie aliyeandika, amweleze huyo baba wa karibu na ziwa alivyo, ili aweze kujibu maswali. Kuria akanituma nikamfundishe, kama vile mtu anavyofundishwa kucheza sehemu kwenye mchezo wa kuigiza.

Nilikwenda Jumatano asubuhi kwa miguu, kwa sababu nilitaka muda wa kufikiri. Nikapita Parklands, hekalu linapiga kengele na watu wanashusha wagonjwa kwenye milango ya hospitali, nikaingia Spring Valley ambako ukimya ulinifanya nitembee kama niko kanisani. Mamake Vaishali ndiye aliyenifungulia. Alinikaribisha vizuri, akaniomba nivue viatu mlangoni kama ilivyo desturi ya nyumba yao. Nikaingia sebuleni kwa soksi, na moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Niliambiwa nijiite mwalimu wa tuisheni, na mama wa watu akaniletea chai ya tangawizi na chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga vyenye pilipili, kwa heshima ambayo sikustahili.

Vaishali ni msichana wa miaka ishirini hivi, mwepesi wa kucheka, na siku hiyo hakucheka. Alikuwa na daftari. Akauliza huyo baba ana urefu gani, anavaa nini, anaongeaje. Nikamwambia kuhusu suti yako ya kijivu na kalamu nyekundu. Akauliza kilitokea nini hasa chumbani mle, naye akawa anaandika. Nikamweleza jinsi ulivyookota kile kijikaratasi, jinsi msimamizi kutoka wilayani alivyotaka watahiniwa wote tupekuliwe, tuvue viatu na soksi mmoja mmoja, wenye karatasi waandikwe majina na wengine waendelee. Na jinsi wewe ulivyomwambia kwamba hakuna haja ya kuwavua watoto viatu, aandike chumba kizima.

Hapo akaacha kuandika. Akaniuliza kwa upole tu, bila ubaya wowote, kama vile anauliza kama nitaongezewa chai, “Na wewe? Si hiyo karatasi ulikuwa nayo pia?”

Nikaweka kikombe mezani. Akaniambia nisiogope, yeye mwenyewe ananunua insha, kwa hiyo anamjua mtu wa aina yake akimwona. Na alipoisoma ile aya aliona kwamba mtu asiye na hatia hawezi kujitetea kwa maneno mengi vile. Baba, nilikuwa nimekaa kwenye kochi la watu, miguu yangu imevaa soksi tupu juu ya zulia, na nikaitazama miguu hiyo. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisema uongo kwa watu wote ninaowapenda. Kwa msichana nisiyemjua nikasema ndiyo.

Ndiyo, Baba. Nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye soksi ya kulia, imekunjwa mara nne. Niliipata Jumapili mchana nyuma ya jiko la shule, na niliinakili kwa mkono wangu mwenyewe. Msimamizi aliposema tuvue viatu, nilikuwa wa kwanza kuinama. Nilikuwa nimeshalegeza kamba ya kiatu, nikitaka kuitoa karatasi niimeze. Nilipoinua macho wewe ulikuwa ukitazama upande wangu. Na ni baada ya hapo ndipo uliposema aandike chumba kizima.

Nilikuacha ubebe. Mama alipokuambia mbele ya wageni kwamba ulimchoma mtoto wako mwenyewe asiye na kosa, nilikuwepo, nikala ugali wangu. Watu walipoacha kukuamkia sokoni nilikuona ukirudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili usikutane nao, nikajifanya sijui. Uliponipeleka shule nyingine kurudia mwaka sikusema nawe neno njia nzima, kama mtu aliyedhulumiwa. Nilikuonea, Baba. Naona haya hata kuliandika, na naomba unisamehe.

Na kuna jambo baya zaidi ya hilo, ambalo ndilo limenifanya nishindwe kulala vizuri tangu barua yako ifike. Unamkumbuka Peres, binti wa mzee Ogutu, aliyekuwa wa kwanza darasani tangu kidato cha kwanza? Peres hakuwa na karatasi. Najua kwa sababu ile Jumapili nilimpelekea nakala, nikidhani namfanyia hisani, naye akanirudishia mkononi akasema atafanya kwa kichwa chake. Mtu mmoja katika chumba kile ninayeweza kuapa kwamba hakuwa na kosa ni yeye. Kama tungevua viatu, mimi ningeandikwa jina na nisingesogelea mtihani kwa miaka, na Peres angekwenda chuo kikuu. Mimi nilirudia mwaka, yeye kwao hawakuweza kumrudisha shule. Lornah ananiambia sasa anashona sare za wanafunzi wa shule ile ile.

Vaishali alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga daftari akasema huyo baba ni wangu, yeye hawezi kumbeba. Alhamisi alimwambia mhadhiri wake kwamba insha si yake. Amerudishwa nyuma muhula mzima, na babake, Bwana Navnit, kwa wiki moja alikuwa akimpita mezani bila kumsemesha. Lakini juzi alinitumia ujumbe kwamba ameyasoma mashairi yote mawili mwenyewe, kutoka mwanzo, na hakubaliani nami hata kidogo kuhusu shairi la kwanza. Nilifurahi sana kuusoma ujumbe huo.

Mimi nimeacha kazi kwa Kuria. Aliniita mjinga, akanikumbatia, akaniambia mlango uko wazi. Kwa sasa nasahihisha kadi za harusi na programu za mazishi kwenye duka la kuchapa hapa hapa Ngara, na mwenye duka anasema hajawahi kuona mtu anayegombana na koma kama mimi. Naye hajakuona wewe.

Baba, katika mashairi yale mawili, Bibi alimwandikia babake la pili wakati babake hawezi tena kulisoma. Wewe unasoma bado, na goti ndilo tu linalokusumbua. Kwa hiyo nakuuliza hili ukiwa hai, nami nikiwa bado kijana wa kutosha kuvumilia jibu: uliniona? Ulipotazama upande wangu nilipokuwa nimeinama, uliona mkono wangu kwenye kamba ya kiatu? Wakati wote huu nilidhani ulitufungia njia sote kwa sababu ya ukali. Tangu niyasome mashairi ya Bibi nimeanza kuogopa kwamba ulifanya hivyo kwa kunipenda, na kwamba watoto arobaini na mmoja walifungiwa njia kwa ajili yangu. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili ningependa liwe kweli.

Basi jibu la barua yako ni kwamba nitakuja, lakini mwambie mwalimu mkuu atafute mtu mwingine wa kuhutubia. Nitafika Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, saa nne asubuhi, nishuke pale sokoni. Kutoka hapo nitakwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kushonea cha Peres, nimwambie kwa mdomo wangu kilichokuwa kwenye soksi yangu, na asikie kwamba kulikuwa na njia ya yeye kupona. Atakachosema nitakipokea.

Huna haja ya kuniandikia. Kama hukuniona siku ile, baki nyumbani, kosa ni langu peke yangu na nitalipeleka peke yangu. Kama uliniona, nisubiri pale sokoni, twende kwake wote wawili.

Msalimie Mama kwa unyenyekevu mwingi, umwambie mwanawe anakuja na ana neno la kumwambia kuhusu yale aliyokulaumu. Wasalimie Lornah, shemeji na watoto, na wazee wote wa kanisani, hata walioongeza chumvi. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Quincy Obuya